Mdakaji wa Hitilafu

Mgawadawa, mashine ya kuwapa wagonjwa dawa, alipita kati ya vitanda vya wodi ya tatu bila kelele, mikono yake sita ikipima, ikichoma sindano, ikifuta. Kila alipomaliza kitanda, taa ya kijani iliwaka kwenye skrini ya nesi.

Sekela, mhandisi aliyeitunga akili ya mashine zile kwa hospitali zote za Uporoto Mpya, leo hakuona fahari yoyote. Mbele yake alisimama Bi Atupele, aliyefiwa na mumewe jana.

"Siku tatu nasema mume wangu hajapewa dawa," alisema mama huyo. "Nesi ananionyesha kijani. Eti mashine haikosei."

Sekela alijua kijani kile kilitoka wapi. Mgawadawa akikwama, hakujirekebisha palepale. Aliacha kazi ilipofikia na kurusha hitilafu juu, ngazi kwa ngazi ndani ya programu, hadi ipate wa kuidaka. Kwa njia hiyo programu ilikuwa fupi, inasomeka vizuri, na wenzake walimsifu mno. Kukagua kila hatua kungeirefusha mara tatu. Tatizo ni siku ya uzinduzi. Akihofia ving'ora vitamwaibisha mbele ya wageni rasmi, aliweka juu kabisa mistari michache ya programu, mdakaji mmoja wa kila kitu: anadaka hitilafu, hamwambii mtu, anawasha kijani, kisha anamtuma mgawadawa kitanda kinachofuata. Alikusudia kumwondoa kesho yake. Miaka minne ikapita.

"Kosa ni langu, mama, si la nesi. Niliweka kitu kinachoficha makosa ya mashine."

"Kitoe."

"Nikikitoa, itasimama kila ikikosea. Wodi nzima itasubiri."

"Na mume wangu alisubiri."

Sekela alifungua kompyuta, akafuta mistari minne, akaituma programu kwa mashine zote.

Mgawadawa aliendelea vitanda viwili, kisha akasimama kwenye cha tisa. King'ora kikalia. Hazikupita dakika kumi, kikalia kingine wodi ya pili, kisha ghorofani, kisha vikapishana hata manesi wakashindwa kujua waanzie wapi. Bi Atupele alihesabu hadi kumi na saba, akaacha.

"Wagonjwa wote hawa walikuwa kijani?"

Sekela alikuwa akilia waziwazi.

"Ndiyo, mama."