Uso wa Babu Kwenye Kioo

Kila siku baada ya masomo nilipitia kwa Mwalimu Ruxandra, nikavaa aproni na kuchora mpaka jua lipungue. Alikuwa akinifundisha pasteli, zile chaki za rangi ambazo vumbi lake huingia mpaka puani.

“Ilinca, anza na zile ngumu, malizia na laini,” alinikumbusha kila mara. “Na picha isiguswe na kitu. Pasteli haishiki kama wino. Ikiguswa, inahama.”

Nilimsikia, lakini nilikuwa mtoto wa haraka. Babu Toader alipofariki, niliazimia kumchora ili picha yake iwekwe mezani siku ya arobaini. Nilichagua zile laini tupu kwa sababu rangi zake ziliwaka, nikazipaka nene. Babu akatokea na masharubu yake na baka jekundu shavuni. Nilijiona fundi kweli kweli.

Nikatafuta pa kuificha mpaka siku hiyo. Kioo kikubwa cha Bibi Saveta, katika chumba alimolala na tulimokula, kilikuwa kimefunikwa shuka jeusi tangu msiba, na kwetu hakuna anayethubutu kukigusa kabla ya arobaini, roho ya marehemu isije ikanaswa humo. Niliichomeka picha nyuma ya shuka, uso ukielekea kioo, ili kitambaa kisiufute.

Siku moja kabla ya arobaini niliingiza mkono chini ya shuka, nikaichomoa. Babu hakuwa na macho. Masharubu yamekwenda, shavu limebaki ukungu mtupu. Niliisukumia chini ya godoro langu bila kumwambia mtu.

Kesho yake, tulipotoka kanisani na kukaa kula ngano ya kuchemsha yenye asali na kokwa za jozi, chakula chetu cha arobaini, Mjomba Grigore alivuta lile shuka.

Babu alikuwa kiooni, anatutazama. Nyuma ya uso wake tulionekana sisi wenyewe, vijiko mkononi. Na lile baka lilikuwa limehamia shavu la pili.

“Toader wangu!” Bibi alipiga ishara ya msalaba. “Amekosa njia ya kuondoka.”

“Kuna mtu kafunua mapema,” alisema Mjomba. “Huyo ndiye aliyemfungia humo. Nani?”

Mimi nilitazama bakuli langu.

Tangu siku hiyo Bibi alilala kwa jirani. Hakula, hakusuka nywele. Siku ya tatu alisimama mlangoni, hataki hata kuingia, akamwambia Mjomba, “Kivunje. Ukimaliza, tafuta mtu wa kuinunua nyumba. Humu sirudi.”

Alikuwa ameishi humo miaka hamsini. Mjomba akainua nyundo.

“Mjomba, ngoja! Ni mimi!”

Nilipitisha kidole juu ya masharubu ya Babu. Kidole kikatoka na rangi ya kijivu. Nilikimbilia picha chini ya godoro, nikaiweka kando ya kioo. Kila kilichopungua kwenye karatasi kilikuwa pale kwenye kioo.

“Siku tatu, wewe mtoto!” Mjomba alifoka. “Bibi yako analala kwa watu, na wewe unatafuna mkate kimya?”

“Niliogopa,” nililia. “Mlisema aliyefunua ndiye aliyemfungia Babu.”

Bibi aliingia taratibu. Alikishika kidole changu, akakitazama sana, kisha akacheka huku machozi yakimtoka. Alilowesha kitambaa, akaanza kukifuta kioo mwenyewe, macho akiyaacha mpaka mwisho.

“Macho umeyapatia,” alisema. “Sikiliza, mwanangu. Kuharibu picha ni jambo dogo, mwalimu wako atakuelekeza. Lakini ukimya wako ndio ulionitoa nyumbani kwangu. Siku nyingine ukikosea, niambie siku hiyo hiyo, hata kama unatetemeka.”

Jioni ile Bibi alilala kitandani kwake, nami kando yake. Ila alikipa kioo mgongo.