Gari la Wagonjwa Lilipokwenda Mpirani

Ndugu zangu wa Wilurra, nisikilizeni. Jambo hili lilitokea kwetu, hapa jangwani Australia, na mimi nimo ndani yake. Kwa desturi yetu jina la marehemu hatulitaji, basi nitamwita Bibi.

Ijumaa ile asubuhi Bibi aliketi kando ya moto wake, akila mkate uliookwa majivuni, mbwa wake watatu wamelala mchangani. Mkoba ulikuwa tayari. Figo zake zilikuwa zimekufa, na mara tatu kwa wiki alipelekwa mjini kusafishwa damu kwa mashine, kilomita mia na ishirini za vumbi.

Gari la kumpeleka yeye na wenzake wanne tulilipigania miaka sita. Serikali ilipolitoa, liliandikwa ubavuni: WAGONJWA TU. Dereva wake, Clifton, mtoto wa mdogo wake Bibi, alikuwa mpole. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: hakujua kumnyima ndugu. Gari likaanza kwenda dukani, kisha mazikoni, kisha kuwinda kangaruu. Mimi mhudumu wa zahanati nililipanda kwenda kununua viatu, na kila mwezi niliiandikia serikali kwamba gari linatumika vizuri.

Jana yake, Alhamisi jioni, alikuwa amekuja kaka yake Clifton, Trevor, na wachezaji wa timu yetu ya mpira.

"Clif, lete funguo. Kesho tuna mechi ng'ambo ya mto, tukalale huko."

"Kesho nampeleka mama mkubwa."

"Alfajiri nitakuwa nimelirudisha. Au umeshakuwa mzungu, unawanyima ndugu?"

Wenzake wakacheka. Clifton akatoa funguo.

Usiku mvua ikanyesha kwetu na huko juu mto unakotoka. Trevor, akirudi peke yake kutimiza ahadi, aliingia mtoni akidhani maji ni machache. Yeye alitoka salama. Gari lilibaki, injini imejaa matope.

Ijumaa adhuhuri nilikwenda kwa Bibi.

"Clifton yuko wapi?"

"Yuko njiani, Bibi."

"Mwanangu, uongo huuwezi," akasema, akaufungua mkoba na kutoa blanketi lake.

Gari la zahanati lisingeweza kuvuka mto. Ndege nayo haikuweza kutua, uwanja wetu ulikuwa tope tupu. Jumamosi miguu ya Bibi ilivimba, na pumzi ikawa ya kuhangaikia. Clifton alikesha akimwegemeza kifuani. Ndege ilitua Jumapili, ikamwahi akiwa hai, ikampeleka mjini.

Lakini madaktari walikataa akae tena mbali na mashine. Na gari letu halikutengenezwa. Wakubwa wa serikali walisoma taarifa zangu, wakaliona gari mtoni, wakajua nimewadanganya, wakafunga mradi. Wagonjwa wote wakahamia mjini.

Clifton alimfuata Bibi kwenye bweni la wagonjwa. "Mama mkubwa, nisamehe."

"Nilishakusamehe. Ila huku nikiamka sijui nimeelekea wapi."

Alikaa miezi kumi na mmoja, akafia huko, mbali na ardhi ya mama yake.

FUNZO

Serikali ilitupatia gari moja na mto usio na daraja. Daraja tutaendelea kulidai. Lakini gari tulilipoteza sisi: Trevor kwa kejeli, Clifton kwa haya, mimi kwa kalamu. Kugawana ni desturi yetu njema, ila cha mgonjwa hakigawanywi. Mali ya wote ikikosa wa kusema hapana, wa kwanza kuikosa ni yule asiyeweza kutembea.