Usimshukuru Azélie

Jua lilikuwa linazama nilipowasha injini ya boti kwenda kukagua magaloni yangu. Harusi ya mdogo wangu Clélie ilikuwa Jumamosi, na kwetu harusi bila kababu za gar hainogi. Gar ni yule samaki mrefu mwenye mdomo wa mamba na magamba ya kupasuliwa kwa shoka. Galoni tupu linaelea, ndoano inaning'inia chini yake, wewe unasubiri.

"Ovide," mke wangu Zulma aliita kutoka barazani, "usiniletee vya kulishia paka."

"Paka mwenyewe anakula vizuri kuliko mimi."

Alicheka. Alicheka bila kukohoa, na mimi hata leo sijaizoea sauti hiyo.

Miaka miwili nyuma pumu ilikuwa inamuua. Madaktari walishakata tamaa. Aliyemponya ni jirani yetu Azélie, ambaye wote tunamwita Shangazi, dereva mstaafu wa basi la shule, mmoja wa wale watu wa hapa Louisiana wanaotibu kwa dua. Alinituma nimletee gar aliye hai. Zulma akampulizia pumzi tatu kinywani. Azélie akamfunga mkiani uzi wa bluu wenye mafundo tisa, akamrudisha majini. Gar hupanda juu mara mojamoja kuvuta hewa kama sisi, alisema, kwa hiyo atamtunzia Zulma pumzi yake.

Sharti lilikuwa lile ambalo kila mtoto wa hapa analijua: mtu wa dua halipwi, wala hashukuriwi. Ukisema asante, dawa inaharibika.

Magaloni mawili ya kwanza yalikuwa matupu.

La tatu lilikuwa linatembea... kinyume cha maji.

Nilivuta kamba mpaka viganja vikachubuka. Harufu ya tope ikapanda. Kisha kichwa kikatokea, na mwili mrefu kama mlango. Nikamwegemeza kwenye ubavu wa boti, nikainua shoka.

Hapo nikauona mkia.

Uzi wa bluu. Nyama ilikuwa imeota juu yake, lakini mafundo yalihesabika. Tisa.

Simu ikalia mfukoni.

"Ovide..." Zulma alikuwa ananong'ona. "Ovide... sipati... hewa..."

Ndoano ilikuwa imezama kooni. Niliivuta, haikutoka. Sijawahi kuogopa hivyo maishani mwangu.

"Weka hilo shoka chini."

Azélie alikuwa kwenye mtumbwi wake, kati ya miti iliyosimama majini, na mabuti yake ya mpira. Sikusikia kasia.

"Shangazi, umejuaje niko huku?"

"Nimeitwa."

"Na nani?"

Alitumbukiza mkono kwenye yale meno mpaka kiwikoni, akanong'ona maneno, akautoa na ndoano. Samaki akalala ubavu. Akalala... akalala... kisha akapiga mkia na kuzama.

"Ovide?" Simu ilikuwa bado hewani. "Imeachia. Napumua, mpenzi."

Nililia kama mtoto. Na katika kulia huko, mimi mtu mzima niliyelelewa hapa hapa, ulimi ukaniponyoka.

"Asante, Shangazi."

Vyura wakanyamaza.

Azélie alinawa mkono taratibu. "Nilikwambia nini, Ovide?"

"Limenitoka tu."

"Najua. Nenda nyumbani."

"Sasa itakuwaje?"

"Nenda ukakae naye."

Nilimkuta Zulma amelala kwenye kochi, televisheni inaongea peke yake. Uso wake ulikuwa mtulivu, wenye rangi. Nikapiga magoti, nikaweka kiganja kifuani pake.

Kifua hakikupanda.

Moyo ulikuwa unadunda vizuri, lakini kifua kilitulia kabisa. Nikahesabu. Sitini. Mia. Mia mbili...

Kisha akainua kidevu, macho yamefumbwa. Akapanua kinywa, akagugumia hewa mara moja, *gluk*, na sebule nzima ikanuka tope.

Halafu kimya.

Nikaanza kuhesabu upya. Nilikuwa nimefika tisini simu ilipolia. Clélie.

"Kaka, usijisumbue tena na samaki," alisema kwa furaha. "Bwana harusi wangu Norbert kapata mmoja sasa hivi, mrefu kama mlango. Alikuwa anaelea tu, amechoka. Ana kauzi ka bluu mkiani. Norbert anauliza kama ni alama yako."

"Mwambie asimguse."

"Eti nini? Subiri, hapa kuna kelele, anapasua magamba."

Nilimgeukia Zulma. Mia mbili. Mia tatu.

Bado nahesabu.