Mlango wa Sekunde Tatu

Kompyuta ilisimama ikisubiri, na hakuna aliyeigusa.

Tuulikki aliitazama kwa jicho baya. Ilikuwa bodi tupu, ndogo kama kiganja, naye alikuwa akipima programu inayoiamsha. Ikipata umeme huhesabu tatu, mbili, moja, kisha huendelea yenyewe. Mtu akibonyeza kitufe chochote katikati, husimama hapo hapo. Lakini kibodi haikuwepo. Alikuwa ameichomoa mwenyewe.

"Ilpo, acha masihara yako," alisema bila kugeuka.

"Masihara gani tena? Mimi nakunywa kahawa yangu!"

Hakumwamini. Fundi mwenzake huyo hachoki utani, na leo Tuulikki hakuutaka. Bodi ilikuwa ya kengele ya dharura ya wazee wanaoishi peke yao, na ya kwanza kabisa ilikuwa inakwenda kwa mama yake, huko mji wa mbali wa Kuhmo. Umeme ukikatika, kisha kifaa kisiamke, mama akianguka nani atajua?

Akachomoa umeme, akachomeka. Tatu, mbili. Ikasimama. Ikaja harufu ya moshi wa kuni, halafu joto la mawe, humo chumbani ambamo zamani mlikuwa na sauna ya wafanyakazi, ya kuogea mvuke wa maji yanayomwagwa juu ya mawe ya moto, kabla jiko halijang'olewa kupisha meza zao. Na herufi zikaanza kujitokeza kwenye skrini, moja moja, taratibu, kama zinaandikwa na mzee asiyeona vizuri, mpaka likakamilika neno MAJI.

"Ni tonttu," Ilpo alinong'ona. "Jini wa sauna. Mvuke wa mwisho siku zote ni wake, na sisi tumemng'olea jiko, hata kumuaga hatukumuaga. Hizo sekunde tatu ndizo mlango wake."

"Unaandika kwa simu wewe. Nakujua!"

Ilpo akaiweka simu mezani. Ilikuwa imezimwa.

Sasa Tuulikki aliogopa, na woga ukamtoka kama hasira. Akabadilisha hesabu iwe sifuri. Bodi ijiamshe papo hapo, asipate mtu wala shetani nafasi ya kuisimamisha. Akaijaribu tena na tena. Kila mara iliamka. Harufu ikakatika. Alifurahi, nusura alie.

Jumamosi alimpelekea mama kifaa chenye bodi ile ile, akakifunga ukutani kwa mikono yake. Alikuwa njiani kurudi Ilpo alipompigia.

"Nimelala nawaza kitu," alisema kwa sauti ya chini. "Ulipofunga ule mlango, yeye alikuwa nje au ndani?"

"Hebu niache, bwana!"

Akakata. Simu ikalia tena papo hapo. Mama.

"Mwanangu, huyu mzee uliyekuja naye mpole kweli. Kaketi saunani kwangu, ananiita nikamwage maji."

Tuulikki akakanyaga breki. "Mama, jiko umeliwasha?"

"Sijaliwasha. Ila mawe yamekuwa mekundu. Ngoja niingie, asije akachoka kunisubiri."