Mgeni Aliyeuliza Jina Kamili

Jumamosi asubuhi nyumba ya Bibi ilinukia gundi na kitambaa kipya. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana ya makochi. Kochi moja refu lilikuwa limepinduliwa katikati ya sakafu, miguu juu, limevuliwa kitambaa chake chote, mbao na springi nje. Pembeni yake alichuchumaa Chiriku na koleo mkononi, aking'oa misumari ya zamani na kuitia kwenye kopo.

"Iliyonyooka iweke peke yake," Bibi alimkumbusha. "Iliyopinda tutaigonga baadaye."

Chiriku alikuwa darasa la sita. Jina hilo alipewa na Mjomba kwa sababu mdomo wake haupumziki. Hata usingizini, Mjomba alisema, huyu mtoto husimulia.

Asubuhi hiyo Bibi alikuwa amefagia mara mbili. Alitandika shuka safi kwenye vitanda vya chumba cha nyuma, akaosha pazia, kisha akakifuta kiti kimoja kilichokwisha kutengenezwa na kukiweka karibu na mlango.

"Bibi, kuna mgeni?"

"Wewe ng'oa misumari," alijibu Bibi huku akijifunga kanga. "Nakwenda dukani kununua uzi, sikawii. Mjomba wako usimwamshe. Hakulala vizuri, na chakula hagusi siku ya tatu sasa."

Bibi alipotoka, akaja Kifupi, rafiki yake Chiriku wa nyumba ya pili, akaketi kizingitini akila kipande cha mkate.

"Umesikia redio?" Kifupi aliuliza. "Baba anasema siku hizi mtu akikutwa na dawa za kulevya kidogo tu, za kutumia mwenyewe, hafungwi. Zinachukuliwa, yeye anapelekwa kwa daktari. Wauzaji tu ndio wanaofungwa."

"Huo ni mtego," alisema Chiriku bila kuinua macho. "Askari wanataka watu wajitokeze wenyewe, halafu wawakusanye kama misumari hii."

"Baba naye hapendi. Anasema ni kuwadekeza."

"Mwambie baba yako asikilize mpira." Wakacheka wote wawili. Lakini Kifupi alipokwenda zake, Chiriku alitazama pazia la chumba cha nyuma, na kicheko kikakatika.

Mjomba alikuwa fundi wa makochi, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Alimpenda Chiriku kama mwanawe. Ndiye aliyemfundisha kung'oa msumari bila kupasua ubao, na ndiye aliyemshonea begi la shule kutokana na mabaki ya kitambaa cha kochi, begi lenye maua makubwa ambalo darasa zima lililitamani. Kisha Mjomba akaanza dawa za kulevya. Alianza akisema ni mara moja tu. Siku moja alikamatwa na kete, yaani kifurushi kidogo cha karatasi chenye dawa hiyo, akafungwa. Jela haikumponya. Alitoka na kikohozi, pamoja na marafiki wapya wa kumuuzia.

Tangu hapo Bibi alimfundisha mjukuu wake somo moja ambalo halimo katika kitabu chochote. Mtu wa mtaani, alisema, atauliza, "Fundi yupo?" Huyo mkaribishe. Ila akija mtu anayemwita Mjomba kwa jina lake kamili, lile la kwenye kitambulisho, basi huyo ni askari, hata akiwa amevaa gauni la harusi. Mwambie, "Amesafiri kikazi." Walikuwa wakifanya mazoezi. Bibi husimama nje na rula ya mbao begani kama bunduki, amekunja uso, na Chiriku humjibu mpaka Bibi aridhike.

Kwa hiyo mwanamke mmoja alipobisha hodi mlangoni, amevaa viatu vya chini na kitambulisho kinaning'inia shingoni, Chiriku alisimama tayari.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Hapa ndipo anapokaa . . ." Yule mwanamke akatazama simu yake, akasoma jina la Mjomba, lake, la baba yake na la babu yake.

Jina kamili! Ulimi haukumwangusha Chiriku. "Amesafiri kikazi."

"Amesafiri? Lini?"

"Zamani. Amekwenda kutengeneza makochi ya hoteli. Hoteli kubwa sana, kila chumba kina makochi. Hatujui atarudi lini, labda mwakani."

"Na mama yake mzazi?"

"Naye amemfuata. Kumpikia."

Yule mwanamke alitazama kochi lililopinduliwa, akatazama kiti safi karibu na mlango. "Wewe unakaa na nani?"

"Na jirani."

"Haya, mwanangu. Ni bahati mbaya. Nilikuwa na shughuli naye ya maana, na siwezi kukueleza wewe. Kaa salama." Akaondoka taratibu, mkoba wake begani.

Chiriku alifunga mlango, akaegemeza mgongo na kujipongeza. Kumpikia! Hilo hata Bibi hakulifundisha.

Bibi alirudi na uzi, anahema. "Mgeni hajafika?"

"Mgeni gani? Amekuja askari mmoja wa kike, nikamfukuza vizuri mno. Aliuliza jina kamili, Bibi! Nikamwambia Mjomba yuko hotelini, na wewe umekwenda kumpikia."

Bibi aliketi kwenye kile kiti alichokifuta kwa ajili ya mtu mwingine. Uzi ukamponyoka, ukabingirika mpaka chini ya kochi.

"Yule si askari," alisema kwa sauti ndogo. "Yule ni nesi wa kliniki. Mbona walisema watakuja mchana? Ametuwahi."

Pazia lilisogezwa. Mjomba alikuwa amesimama hapo, amejifunika shuka mabegani ingawa palikuwa na joto. Pua ilimtiririka, midomo imekauka. Ilikuwa arosto, yale maumivu yanayomshika mtumiaji anapokaa bila dawa yake. Alikuwa amesikia yote.

"Basi ndiyo imekwisha, Mama," alisema. "Walisema lazima waione nyumba na mtu atakayenisimamia, ndipo wanianzishie matibabu. Nafasi yenyewe ni moja. Atapewa mwingine." Akainama kutafuta viatu vyake. Chiriku alimwona akitoa kitu chini ya godoro na kukitia mfuko wa shati. Kete.

"Unakwenda wapi?" Bibi aliuliza.

"Nje."

Wote watatu walijua maana ya neno hilo. Bibi alisimama mlangoni, mfupi kuliko mwanawe kwa kichwa kizima, akashika miimo yote miwili. "Utanipitia mimi kwanza."

Chiriku alianza kulia. "Kwa nini hamkuniambia? Mlinifundisha kusema amesafiri, hamkunifundisha lini niache!"

Bibi alimtazama, akashusha mikono. "Kweli," alisema. "Tuliona aibu mbele yako. Sikiliza basi. Sheria imebadilika. Mjomba wako alikutwa na kete sokoni mwezi uliopita. Zamani angelala ndani. Safari hii waliichukua, wakampeleka mbele ya daktari na mshauri, wakazungumza naye kama mtu. Hakuna aliyemfunga. Alichoambiwa ni kutibiwa."

"Kwa hiyo Kifupi alisema kweli?"

"Alisema kweli."

Chiriku alijifuta pua kwa kiganja. "Basi mimi ndiye nimesema uongo, na mimi ndiye nitakayekwenda kuutengua. Twende kliniki."

"Hufungwa adhuhuri, na getini kuna askari," alisema Mjomba. "Mimi sipiti pale."

"Utapita katikati yetu," alisema Bibi. "Vaa viatu."

Walikwenda, Bibi kushoto, Chiriku kulia, Mjomba katikati akikokota miguu. Mara mbili aliketi ukingoni mwa barabara na kujishika tumbo. "Niacheni hapa," alisema mara ya pili. "Nyinyi endeleeni."

"Tuendelee kwa nani?" Bibi alimjibu. "Kwani mimi ndiye mgonjwa? Simama, baba. Mimi nilikubeba mgongoni ukiwa mzito kuliko hivi."

Mjomba alicheka kidogo huku ameuma meno, akasimama.

Getini kweli palikuwa na askari, mtu mnene mwenye kofia iliyombana. Alimtazama Mjomba akitetemeka na kutokwa jasho.

"Karibuni. Mna shida gani?"

Mjomba akajibana. Mkono wake ulikwenda kwenye mfuko wa shati, ukarudi. Chiriku aliuhisi mkono wake mwingine ukimponyoka. Alijua kwamba sasa hivi Mjomba angegeuka na kukimbia, na asingemwona tena leo, wala pengine kesho. Neno la zamani, "Amesafiri," lilimjia mdomoni lenyewe. Akalimeza. Alimshika Mjomba kwa nguvu, akamtazama askari machoni.

"Shikamoo. Huyu ni mjomba wangu. Anaumwa dawa za kulevya, na amekuja kutibiwa. Na mfukoni mwa shati ana kete moja, hapa."

"Chiriku!" Mjomba alinong'ona, kama mtu aliyechomwa.

Askari hakupaza sauti. Alinyoosha kiganja. "Nipe, kaka."

Mjomba alifunga macho, akatoa. Alibaki ameunganisha mikono yake mbele, viganja pamoja, akisubiri pingu.

"Mikono ya nini hiyo?" askari aliuliza. "Shusha. Ungekuwa nazo za kuuza, tungezungumza lugha nyingine. Hii inabaki kwangu, nitaiandikia taarifa. Wewe mlango wako ni ule wa kijani. Wahi, wanakaribia kufunga." Kisha akamwinamia Chiriku. "Nawe binti, siku moja uje unisaidie kazi. Watu wazima hapa hunizungusha saa nzima kwa jambo ulilolisema kwa pumzi moja."

Ndani, nesi yule yule alikuwa akifunga kabati. Alipomwona Chiriku aliinua nyusi. "Kumbe jirani yako ndiye bibi yako?"

"Nilikudanganya," alisema Chiriku. "Mjomba hakusafiri, alikuwa amelala nyuma ya pazia. Nilidhani wewe ni askari kwa sababu uliuliza jina kamili. Usimpe mtu mwingine nafasi yake. Kosa ni langu, si lake."

"Wala si la mtoto huyu," Bibi aliingilia. "Mimi ndiye mwalimu wake wa uongo, na alifaulu vizuri. Mimi ndiye nitakayemsimamia mwanangu. Nyumba yangu uje uione hata sasa hivi, nimefagia mara mbili."

Nesi alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka. "Nyumba nimeshaiona kutoka mlangoni, mama. Kitu kimoja kilinisumbua njia nzima. Nyumba isiyo na mwenyewe, nani amekifuta kile kiti? Ndiyo maana anayefuata sijampigia bado. Fundi, karibu ndani. Daktari yupo."

Mjomba alipimwa, akahojiwa. Alijibu maswali yote, mengine akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akapewa dawa katika kikombe kidogo, akainywa mbele ya nesi. Aliambiwa atakuja kuinywa kila asubuhi, kwa miezi mingi, na kwamba zitakuwapo siku atakazotaka kukata tamaa. Wakaketishwa kwenye benchi ili aangaliwe.

Walipokuwa wanasubiri, Chiriku alimuuliza nesi jambo lililomkera tangu nyumbani. "Kama mtu hafungwi, je, si kama wamemruhusu?"

Nesi aliketi karibu naye. "Sumu ni sumu ile ile, mwanangu, na wewe usithubutu hata kuionja. Waliobadilika ni sisi. Mtu akivunjika mguu kwa kupanda mahali alipokatazwa, tunamfunga mguu kwanza. Tulipowafunga wagonjwa jela, walijificha, na wengine walifia huko mafichoni, mlango umefungwa, watu wa nyumbani wakisema amesafiri. Daktari hawezi kumtibu mtu ambaye jamaa zake wanasema hayupo."

Bibi alitikisa kichwa polepole. "Mimi nilidhani uongo ule ni ukuta wa kumlinda mwanangu," alisema. Akamvuta Chiriku akamweka ubavuni. "Sikia, mjukuu wangu. Nilikufundisha kuogopa, na hofu ndiyo iliyokufanya useme uongo. Kuanzia leo, mtu wetu akiumwa, tutasema anaumwa. Aibu ipo, sikatai, lakini aibu haiui. Na pale getini ulisema ukweli huku unaogopa. Huo ndio ukweli wenye kazi. Mtu asiyeogopa chochote, kusema ukweli kwake si lolote."

Mjomba alikuwa ameegemeza kichwa ukutani. Kutetemeka kulikuwa kumepungua. Jasho lilikauka usoni. Bibi alimgusa paji la uso kwa mgongo wa mkono, akadhani amelala.

"Mama," alisema Mjomba bila kufumbua macho.

"Naam, baba."

"Nasikia njaa."

Bibi aliufungua mkono wake, akaukunja, akaufungua tena, kama mtu aliyesahau alichotaka kufanya. Kisha akainuka haraka, akafunga upya kanga iliyokuwa imefungwa vizuri, na kwenda kumuuliza yule askari wa getini ni wapi karibu pale wanapouza chai na mkate.