Mkia wa Chatu Ukutani

Kila asubuhi mama yangu, Kachana, alifagia ua wetu wote. Kisha aliketi mlangoni pa chumba chake na kunywa uji wa uwele. Chumba hicho kina umbo la mitungi miwili iliyobanwa pamoja. Mlango wake ni mfupi. Hata chifu akija huingia kwa magoti. Mama aliingia humo akiwa bibi harusi. Nami nilizaliwa humo.

Niliporudi kutoka Kumasi, mji mkubwa nilikokuwa nikifanya kazi, nilikuwa na mifuko minane ya saruji. Kuta zetu za udongo zilinitia aibu. Nikakisiliba chumba cha mama kwa saruji, nje na ndani. Kikawa cha kijivu na laini. Watu walikuja kukitazama, nami nikatembea kifua mbele.

Mama alisema neno moja tu: "Umenivisha shati la mgeni."

Mwaka wa pili, mvua ya kwanza ilinyesha mapema. Kesho yake adhuhuri tulisikia kishindo. Kipande cha saruji kikubwa kama mlango kilikuwa kimeanguka ndani. Kilivunja chungu cha mafuta ya shea, shubiri moja tu kutoka mguuni pa mama.

Mke wangu, Katiga, aligusa ukuta. Kidole chake kilizama.

"Si nilikuambia?" alisema. "Nilikuambia ukuta huu unatoka jasho."

"Nitaongeza saruji," nikajibu.

Jirani yetu, fundi Apiu, alikuwa amekuja mbio. Akacheka. "Ongeza! Na ubao wa jeneza uongeze."

"Apiu, huyu ni mama yangu."

"Ndiyo maana nakutukana. Sikiliza. Saruji nimeifanyia kazi miaka ishirini. Juu ya tofali la saruji, ni kitu kizuri. Juu ya udongo, ni hatari. Udongo hunywa maji kidogo, kisha huyatoa. Wewe umeuziba pumzi. Mvua imeingia kwenye ufa wa saruji na haina pa kutokea. Umewahi kufunika ugali wa moto kwa sahani? Chini huwaje?"

"Hulowa."

"Ukuta wako ndio huo. Mvua kubwa zikija, utalala chini. Na aliyemo ndani, ukuta utamlalia."

Nilikitazama kile kipande kilichoanguka. Kisha nikasema, "Basi nitambomolea. Nitamjengea chumba cha pembe nne, chenye bati."

Mama aliweka kibuyu chake chini. "Bomoeni," alisema. "Lakini nitakuwa ndani. Nitatoka humu siku nitakayobebwa."

Tulimjua. Hakuwa akitania.

Apiu alinivuta kando. "Dawa unayo nyumbani. Imekaa pale, inakunywa uji. Wanawake wa rika lake walijua kusiliba kuta zikashinda mvua. Muulize."

Nikamuuliza. Mama akatazama pembeni. "Nimesahau," alisema.

Siku iliyofuata, Apiu nami tulianza kubandua saruji. Chini yake palikuwa na chokaa kuukuu. Karibu na mlango chokaa nayo ilibanduka. Ndipo nikaona mstari mweusi, mnene, umejipinda. Alikuwa chatu wa kuchorwa, mwenye kichwa na magamba. Mkia hakuwa nao.

Mama alikuja polepole. Akaweka kidole pale mstari ulipokatika.

"Hapa ndipo nilipouinua unyoya wa kuchorea," alisema.

Akakaa chini, akatueleza.

"Zamani kiangazi kilikuwa cha wanawake. Mavuno yakiisha, tulikusanyika, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Tulikanda udongo kwa miguu, tukiimba na kuwasema waume zetu. Pombe ya mtama ilizunguka. Ulikuwa mtoto, hukumbuki."

Lakini nilikumbuka. Nilikumbuka harufu ya maganda ya mbegu za mti wa dawadawa yakichemka uani. Nilikumbuka mikono ya mama, myekundu mpaka viwikoni. Miaka mingi sikuwa nimeifikiria.

"Siku niliyokuwa nikimchora chatu huyu, akaja mzungu wa serikali na askari," mama aliendelea. "Mkubwa wake alikuwa apite hapa kukagua. Akasema michoro yetu ni uchafu na mambo ya shetani. Tukapewa chokaa. Tukaifunika michoro kwa mikono yetu wenyewe. Mwaka uliofuata wakatuita kiangazi chote kubeba mawe ya barabara, na kuponda udongo wa sakafu ya nyumba ya wageni wao. Walijua tunajua kuponda! Kila kiangazi ikawa hivyo. Ukirudi nyumbani, mvua iko mlangoni. Wasichana wakakua bila kuona ukuta ukisilibwa. Halafu vijana mkaenda shule na mijini, mkaanza kuona aibu."

Saruji ilikuwa yangu, si ya mzungu.

Katiga alipiga magoti mbele yake. "Mama, tufundishe. Mikono itoke kwetu, akili itoke kwako."

"Mikono yako, mke wetu, inajua ugali tu."

"Na ugali huohuo unaumaliza!"

Mama akacheka. Nikajua tumepona.

Tulibandua saruji yote. Tuliuacha ukuta ukauke wiki mbili. Katiga aliita wanawake sita. Walichekecha udongo wa changarawe nyekundu, wakachanganya na samadi ya ng'ombe, wakakanda kwa miguu. Walisiliba mara tatu, tabaka nyembamba, kila moja ikikauka kabla ya nyingine. Ila pale penye chatu mama alikataza paguswe. Kisha walisugua ukuta kwa mawe laini ya mtoni mpaka ukang'aa. Wakachora kwa unyoya wa kanga: nyeusi ya jiwe lililosagwa, nyeupe ya jiwe laini.

Mwisho, ili kupata rangi ya kuzuia mvua, yakachemshwa maganda ya dawadawa, kutwa nzima, mpaka maji yakawa mazito na mekundu. Katiga alikuwa na haraka. Akachovya ufagio mdogo, akaanza kupaka. Mama akampiga mkononi.

"Ngoja! Michoro ingali mibichi. Ukuta ni kama mtoto aliyeoga. Mkaushe kwanza, ndipo umpake mafuta."

Wakangoja siku mbili. Kisha mama akachukua unyoya. Akamalizia mkia wa chatu, nao ulipokauka, Katiga akaupaka ukuta wote yale maji mekundu.

Mvua kubwa ilikuja alasiri moja, na upepo wa kung'oa miti. Sote tuliingia kwa magoti chumbani kwa mama. Tulisikia maji yakiteremka ukutani na kwenda zake. Mvua ilipokatika, mama alinishika mkono, akabandika kiganja changu ukutani.

Palikuwa pakavu.

"Sasa nimevaa nguo yangu," alisema.

Aliishi misimu minne zaidi, akabebwa kutoka mlango uleule mfupi. Sasa kila kiangazi wanawake huanza kwetu, kisha huenda kwa jirani. Katiga ndiye anayesema lini ukuta umekauka. Mimi, mtu wa Kumasi, niliyejifunza kusoma usiku baada ya kazi, nimepewa kazi ya kuteka maji.

Katiga anasema nayateka machache.