Bakuli la Kreta

Siku ya mnada wa Karatu, pale ng'ombe wa Malambo na mbuzi wa Mbulu wanapotimua vumbi moja, mikono miwili ilishika bakuli moja la udongo. Mkono wa kwanza ulitoka katika sweta ya zambarau ya Ndeshi, mwalimu wa Kiingereza katika chuo cha waongoza watalii. Wa pili ulikuwa wa kijana mrefu mwenye koti la kaki na kofia pana.

"Samahani, dada. Nimelitangulia kwa macho."

"Macho hayanunui, kaka."

Mama muuzaji akacheka. "Gombaneni taratibu. Likivunjika mmelinunua wote wawili."

"Unalipeleka jikoni?" kijana akauliza.

"Darasani. Kesho nafundisha neno kreta."

"Mimi nashuka kreta karibu kila siku, dada. Sijawahi kukuta bakuli humo."

"Kwa sababu unaendesha gari ndani ya bakuli lenyewe." Ndeshi alisahau kwamba yuko mnadani, akaanza kufundisha. Wayunani wa kale, alieleza, waliliita hivyo bakuli kubwa la kuchanganyia divai na maji, na jina lilitokana na kitenzi chao cha kuchanganya. Aliyekunywa divai tupu alihesabiwa mtu asiye na adabu. Warumi wakalipokea neno hilo, na mdomo wa mlima wa moto ukapewa jina lilelile kwa umbo lake. Waingereza nao wakalibeba hadi kwenye mashimo ya mwezi na shimo linaloachwa na bomu.

"Lakini mgeni mmoja, mtaalamu wa miamba, aliniambia Ngorongoro ni kaldera. Kwa Kihispania ni chungu kikubwa cha kupikia."

"Naye yuko sahihi."

"Basi wewe una bakuli, yeye ana chungu, na mimi nyumbani kwangu sina hata mwiko. Chukua, mwalimu. Ila nipe namba yako, nipate kulijulia hali."

Kijana huyo aliitwa Emmanueli, Mwiraqw wa Rhotia, dereva mwongozaji. Ndeshi alikuwa Mchaga wa Marangu. Kila jioni Emmanueli alipopanda kutoka kreta, ambako simu hushika kwa shida, alimpigia.

"Leo maana gani, mpenzi?"

"Leo ya angani. Lipo kundi dogo la nyota lenye jina hilo."

"Na bado ipo nyingine?"

"Ipo ya kitenzi. Kuporomoka ghafla, kama bei sokoni."

"Hiyo usinifundishe, mama. Niache na nyota zangu."

Miezi ikapita. Mzee Eliapenda, baba yake Ndeshi, akatuma neno: Jumapili angefika na mkewe kumtazama kijana machoni, kabla washenga hawajapanda Marangu. Ndeshi alifurahi sana. Tena ilikuwa wiki hiyohiyo alipoona ganda la kitunguu.

Lilikuwa jekundu, jembamba, limenasa kwenye ukosi wa koti la kaki.

"Emma, hiki nini?"

"Ganda la kitunguu."

"Hilo naliona. Faru wameanza kula kachumbari?"

"Mpishi wa kambi aliomba lifti na gunia lake."

Ndeshi alicheka, lakini jicho lake lilishuka hadi viatuni. Kreta humpaka mtu vumbi jeupe la magadi. Viatu vile vilikuwa na udongo mwekundu. Mwalimu mvumilivu hakimbilii kusahihisha kosa la kwanza; husubiri aone kama litarudiwa.

Lilirudiwa. Jumatano Scholastika, mwalimu mwenzake, aliingia ofisini na kusimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Shoga, mtu wako yuko wapi leo?"

"Kreta."

"Basi kreta imehamia Mang'ola. Nimemwona kwa macho yangu, kifua wazi, juu ya lori la vitunguu. Na mwanamke wa kitenge cha njano anamfuta jasho."

"Anamfuta?"

"Kwa upindo wa kitenge, dada yangu. Polepole."

Ndeshi akapiga simu papo hapo. Ikapokelewa upesi mno.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Kreta."

"Mtandao umeshuka huko lini?"

"Niko juu... ukingoni."

Nyuma yake sauti ikapaa: "Pakia, bwana! Jua hilo!"

"Nani huyo?"

"Mgeni."

"Mgeni huyo Kiswahili cha kupakia kajifunzia wapi?"

Simu ikakatika.

Alhamisi jioni Emmanueli alisimama mlangoni, shati jeupe limepigwa pasi, mkononi majani mabichi ya masale yaliyofungwa fundo.

"Pokea, Ndeshi."

Ndeshi akarudisha mikono nyuma. Kwa Wachaga, masale ni msamaha wenyewe. Mkosaji huyaleta, na aliyekosewa akiyapokea, amesamehe. Kuyakataa ni jambo zito.

"Nani kakufundisha?"

"Godson wa duka la spea. Alisema Mchaga hakatai masale."

"Huyu anakataa. Siwezi kusamehe gunia lililofungwa. Lifungue nione kilichomo."

"Ukipokea, nitasema yote."

"Sema, nami nitapokea."

"Ukisikia hutapokea."

"Basi ni mwanamke."

"Si mwanamke!"

"Wa kitenge cha njano."

"Yule ni shangazi yangu Laurencia!"

"Kama ni shangazi tu, masale ya nini?"

Emmanueli akainama. Aliyaweka majani kizingitini, akaondoka bila kugeuka. Ndeshi alipotaka kwenda dukani alipitia mlango wa jikoni, maana miguu yake ilikataa kuyaruka.

Ijumaa aliwapeleka wanafunzi wake Ngorongoro kwa mafunzo. Kwenye ukingo alimkuta Kimaren, mwongozaji wa kampuni ileile, shuka jekundu begani juu ya sare.

"Takwenya, mwalimu," akamsalimu kwa Kimaasai.

"Iko. Kimaren, Emmanueli yuko wapi?"

Kimaren akatazama nyasi. "Kwani hajakwambia? Alisimamishwa tangu masika. Alitoka nje ya barabara."

Ndeshi aliijua sheria hiyo, aliifundisha mwenyewe: gari halikanyagi nyasi za kreta kwa sababu yoyote.

"Kwa nini?"

"Mgeni mmoja bibi kizee alimlilia amwone faru kwa karibu. Emma akasogea kidogo. Kidogo, lakini nje ni nje. Hakuna aliyemwona. Alirudi akajitaja mwenyewe kwa meneja. Sasa anapakia vitunguu vya shangazi yake."

"Kwa meneja alisema kweli, kwangu akadanganya?"

"Meneja hana binti wa kumnyima, mwalimu."

Chini yao ukungu na jua vilikuwa vikichanganyika polepole. Wanafunzi walimsubiri aeleze. Safari hii hakueleza neno.

Jumamosi alishuka Mang'ola na masale mkononi, yameanza kunyauka. Harufu ya vitunguu ilimpokea kabla ya watu. Mama mnene wa kitenge cha njano, mvi zikichungulia kilembani, akapaza sauti: "Emmanueli! Shuka, mwalimu kaja na fimbo!"

Emmanueli akaruka kutoka juu ya magunia, udongo mwekundu hadi magotini.

"Ile maana niliyokataa kufundishwa," alisema taratibu, "imenifundisha yenyewe. Niliporomoka, Ndeshi. Nikaogopa baba yako atanikuta chini."

"Nimeyapokea masale. Uongo wako nimeusamehe. Kupakia vitunguu hakukuwa kosa. Lakini kesho baba atakuuliza kazi yako, na mimi sitakujibia. Nitautazama mdomo wako."

"Akinikataa?"

"Atakuwa amemkataa Emmanueli. Ni afadhali kuliko kumkubali mtu ambaye hayupo."

Jumapili, baada ya ibada, wazazi walifika kwa Ndeshi na dumu la mbege, pombe ya ndizi. Mama alivaa gauni la hariri la kijani; Mzee Eliapenda suti nyeusi, kofia magotini. Mbege ilimiminwa katika bakuli la mnadani.

"Bakuli hili la nini?" mzee akauliza.

"La kuchanganyia, baba," Ndeshi akajibu.

"Haya. Na wewe kijana, unafanya kazi gani?"

Ndeshi akautazama mdomo. Kwa muda hakujua ungetoa nini.

"Nilikuwa dereva mwongozaji, mzee. Nilikosea kazini nikasimamishwa. Sasa napakia vitunguu Mang'ola. Na binti yako nilimdanganya mpaka akajua mwenyewe."

Mama aliweka kikombe chini.

"Ulimwomba msamaha?"

"Nilimletea masale, mzee."

"Akapokea?"

"Alikataa kwanza. Alitaka ajue kosa."

Mzee Eliapenda alimgeukia mkewe, mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko. "Unasikia? Masale yangu mimi yalikauka mlangoni kwenu."

"Na hujaniambia yote hadi leo," mama akasema.

Mzee aliinua bakuli kwa mikono miwili, akanywa, akampa kijana. Emmanueli alipoinama kunywa, Ndeshi aliona ganda jekundu limenasa kwenye ukosi wa shati lake jeupe. Akalibandua mbele ya wazazi wake, na safari hii hakuuliza limetoka wapi.